Tiki Mbili za Mtoto Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kwenye jedwali. Mungu nipe moyo.

Kazi yenyewe ukimweleza mtu inaonekana ya kitoto. Chakula kikiingia mwilini kinavunjwa hatua kwa hatua. Kila hatua ina kimeng'enya chake, kila kimeng'enya kina jeni yake. Hatua zikifuatana, hiyo ndiyo njia. Watu wamekaa miaka na miaka wakaziandika njia zote za mwili wa binadamu kwenye kanzidata. Kanzidata mbili. Mimi naziweka ubavu kwa ubavu na kusema wapi zinapatana. Basi! Ndivyo alivyoniambia Profesa miezi saba iliyopita, huku anacheka. Kumbe alijua.

Hazipatani hata kwenye kuhesabu. Ya kwanza naiita Sufuria — inatumbukiza kila kitu humo humo, njia moja ina hatua sabini. Ya pili ni Visahani — njia ile ile imekatwa vipande tisa, kila kipande na jina lake, mikogo mitupu. Ukiuliza binadamu ana njia ngapi, Sufuria inasema themanini na kitu. Visahani inasema karibu mia tatu. Na mwili ni ule ule mmoja!

Asubuhi nzima imeniishia kwenye hatua mia sita na ushee ambazo Sufuria inazo na Visahani haina. Nikasema leo nimegundua jambo. Nikamwita Fundi Mirija, yule mzee wa maabara ya jirani anayepima vimeng'enya kwa mikono yake mwenyewe. Akatazama kidogo tu. Akasema hizo zipo zote, ila huku wameandika asidi na kule wameandika chumvi ya asidi hiyo hiyo. Mtu ni yule yule, kavua kofia tu. Akaenda zake kunywa chai. Mimi nikabaki nimeshika tama.

Jumanne, 4 Machi

Kikao. Profesa kasimama mbele za watu akasifu kanuni yangu ya mashahidi wawili. Hatua ikiwa kwenye kanzidata zote mbili, naipa tiki mbili. Ikiwa kwenye moja, tiki moja. Rahisi, ila hakuna aliyewahi kuitumia hapa kabla yangu. Akasema "Bi Jedwali ametutoa gizani." Watu wakapiga makofi. Nimevimba kichwa mpaka saa nane mchana.

Saa nane ikaja orodha ya Daktari wa watoto, yule anayeshirikiana nasi. Watoto ishirini wenye maradhi yasiyojulikana. Majina hakuna, namba tu. Kwa kila mtoto kuna jeni zilizoharibika, na maelezo mafupi ya mama. Anataka tumwambie jeni zipi zinagusa hatua zenye tiki mbili. Hizo ndizo atakazozishika kwanza.

Namba kumi na nne. Msichana, miaka sita. Huzimia asubuhi akilala bila kula vizuri. Halafu hii: "Mama anasema mtoto hunyamaza kwanza, siku nzima, ndipo azimie."

Nikaisoma mara tatu. Hayo ni maneno ya Dada. Neno kwa neno! Namba kumi na nne ni Chiriku wetu.

Tumempa jina la ndege huyo kwa sababu hafungi mdomo. Anaongea akila, anaongea akisuguliwa miguu, anaongea na mlango. Akinyamaza, nyumba nzima inasimama.

Sheria naijua, ukutani imebandikwa: usishike data ya ndugu yako. Ningesimama, ningekwenda kwa Profesa, ningesema. Ni hatua kumi na mbili toka mezani kwangu.

Sikwenda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza watoto wote ishirini. Namba kumi na nne nilimwacha wa mwisho, kama mtu anayeogopa kufungua barua.

Ana jeni tatu zenye walakini. Mbili zinagusa hatua zenye tiki moja moja. Ya tatu inagusa hatua ya 1,107, ambapo ini linavunja kipande kimoja cha protini. Sufuria inayo. Visahani inayo. Tiki mbili, safi, kijani.

Nilipiga meza kwa furaha! Miaka minne Dada anazunguka na mtoto hospitali hadi hospitali, jibu likawa limekaa kwenye jedwali langu mimi. Nikatuma. Saa tisa Daktari akajibu kwa mstari mmoja: ahsante, namba 14 imeniingia akilini sana.

Nimelala kama gogo mchana wa saa kumi. Sijawahi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kwa Dada. Niandike kabla sijasahau sura yake.

Ana karatasi. Daktari alimwita jana Jumamosi, akampa barua yenye jina la ugonjwa. Jina refu, Dada hawezi kulitamka, kila akijaribu linamtoka tofauti. Ameipeleka ikapigwa plastiki! Anaitembeza kwenye mkoba. Kamwonyesha jirani, kamwonyesha mwalimu, kamwonyesha mwenye duka la dawa ambaye hakuuliza.

Na kamwonyesha mama mkwe. Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina. Miaka minne bibi yule anasema mtoto hashibi, mama ana mambo yake, mtoto wa mwanangu anakufa njaa nyumba yenye chakula. Mbele za watu. Sasa bibi kavaa miwani, kaisoma karatasi mpaka mwisho, kainuka, kamwambia Dada "nisamehe, mwanangu." Dada alinisimulia huku anakunja nguo, na nguo ile ile aliikunja mara nne.

Mimi niliisoma pia. Mstari wa pili unaanza na "Inashukiwa kuwa." Hakuna aliyeliona neno hilo ila mimi. Tiki mbili, nikajiambia, usilete gundu.

Chakula kimebadilishwa. Wiki sita za kujaribu: nyama hapana, mayai hapana, maziwa hapana, maharage hapana. Ini lisibebeshwe kipande kile lisichoweza kukivunja. Chiriku ananiuliza, mama mdogo, mayai yamefanya kosa gani? Nikacheka. Nikamwambia yako kifungoni. Akauliza nani aliyashitaki.

Sikumwambia Dada kwamba jedwali ni langu. Nilitaka. Nikaanza kumsaidia kukunja nguo.

Jumatano, 12 Machi

Dada kapiga simu kazini. Siku ya nne hajazimia! Kaongea toka alfajiri, kamchosha hata bibi yake. Dada analia na kucheka. Nimekunywa chai ya maabara bila kuisema vibaya.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Mirija ni mchawi wa furaha za watu.

Nilikuwa namwonyesha jedwali, najisifu, ndiyo, najisifu. Kwamba hatua elfu mbili na kitu zina mashahidi wawili. Yeye anaosha vioo vyake. Akauliza bila kugeuka: hao mashahidi wako, walikuwepo au walisimuliwa?

Nikasema sijakuelewa, mzee wangu.

Akasema mtaani kwao kulivuma kwamba fundi saa amefariki. Aliyekuwa na shaka akamwuliza muuza mkaa. Muuza mkaa kasema ni kweli. Akamwuliza mshona viatu. Naye kasema ni kweli. Watu wakachanga, wakaenda msibani. Fundi saa akafungua mlango mwenyewe! Kumbe muuza mkaa na mshona viatu wananyolewa kwa kinyozi mmoja.

Nilicheka. Nikarudi mezani bado nacheka. Nikakaa. Kicheko kikakatika.

Kila hatua kwenye kanzidata ina chanzo chake — utafiti gani, wa nani, mwaka gani. Nimelinganisha majina ya hatua. Nimelinganisha vimeng'enya. Nimelinganisha hata asidi na chumvi zake. Vyanzo sikuvigusa. Miezi saba, sikufungua chanzo hata kimoja!

Ijumaa, 14 Machi

Hatua ya 1,107.

Visahani, sehemu ya chanzo, herufi ndogo za kijivu: imechukuliwa kutoka — Sufuria. Hiyo tu. Kumbe ndiyo tiki yangu ya pili.

Sufuria inataja utafiti mmoja wa zamani, kabla sijazaliwa. Haumo kwenye mtandao. Nimeshuka maktaba ya chini, yule mtunza vitabu mwenye kikohozi kanitafutia nusu saa, kaja na juzuu lenye vumbi. Nimesoma nimesimama.

Ini la nguruwe. Nguruwe wanane. Kimeng'enya kilipimwa kwenye maini ya nguruwe wanane, basi. Na karibu na mwisho watafiti wenyewe, waungwana, waliandika kwamba kwa binadamu hatua hii bado haijapimwa. Waliandika! Aliyeinakili kaacha sentensi hiyo. Wa pili kanakili kutoka kwa wa kwanza. Mimi nikaja na rangi ya kijani.

Nimemwuliza mtunza vitabu kama naweza kukaa. Akaniletea kiti na maji.

Sasa sielewi. Maana hii haisemi kwamba binadamu hana hatua ile. Huenda anayo! Nguruwe na mtu wanafanana kwa mengi ndani. Ila sikuwa na mashahidi wawili. Sikuwa hata na mmoja. Nilikuwa na uvumi. Na mtoto hajazimia siku sita, je? Lishe inafanya kazi? Au ni kwa sababu Dada anamlisha mkate kabla ya kulala, jambo ambalo hakuwa akifanya zamani? Jeni zile mbili nyingine, za tiki moja moja, nilizitupa pembeni. Mojawapo ina vipimo vya watu halisi, kumi na wanne. Nimeangalia leo. Leo!

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Profesa. Nusu.

Nimemwambia habari ya vyanzo. Kwamba tiki mbili haziaminiki, kwamba hatua ya 1,107 ni ya nguruwe. Akavua miwani, akafuta, akavaa. Akasema ni jambo zuri sana kugundua, tutasahihisha jedwali lote, hatua zote elfu mbili, chanzo kwa chanzo. Miezi mitatu. Halafu tutatoa toleo jipya kwa pamoja.

Nikasema na Daktari? Akasema tusimtie Daktari hofu kwa nguruwe wanane. Madaktari hawatutegemei sisi tu, wana vipimo vyao. Ukimwendea na hatua moja leo, kesho atakuuliza zile elfu mbili zilizobaki, na huna. Kasema kweli, hilo ndilo linaloniua! Sina za kesho.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikasema. Akanitazama. Akauliza kwa nini hii ya 1,107 imenishika hivi.

Huo ulikuwa mlango wazi. Nikasema ni mfano tu, Profesa.

Jinga mimi.

Jumanne, 18 Machi

Nimepita kwa Dada saa kumi na moja, nikasingizia kurudisha bakuli. Chiriku yuko sakafuni anachora. Kapungua. Dada anasema ni joto. Mama mkwe naye yupo! Anamsifu Dada: tazama anavyoifuata ile karatasi, hata chembe ya yai haipiti. Dada kajaa fahari. Kanikatia tunda, kanikalisha kiti kizuri.

Nikamwuliza mtoto, leo hujanisimulia ya shuleni? Akasema nimechoka, mama mdogo. Neno moja moja, na rangi za kuchorea zote ameziacha kwenye boksi, anatumia penseli tu.

Nikafungua mdomo mbele ya bibi. Nikaufunga. Ningeanzaje? Dada, ile karatasi uliyoipiga plastiki? Bibi angerudia wimbo wake kabla sijafika mtaa wa pili. Dada angebaki tena ni mama anayenyima mtoto chakula. Na safari hii ingekuwa kweli, sababu mimi!

Sijui kama ni kweli. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kama hatua ipo kwa binadamu, kumrudishia mayai ni kumuumiza. Kama haipo, kumnyima ni kumuumiza. Nimechora mistari miwili kwenye daftari, nimeiandikia hoja kila upande. Imelingana. Nikachana ukurasa.

Alhamisi, 20 Machi

Saa saba mchana. Dada kapiga simu. Sauti ndogo.

Kanyamaza, anasema. Toka aamke. Anakunywa maji ukimpa, anakutazama, hasemi. Mwalimu kamrudisha. Dada kampigia Daktari, kaambiwa ajaribu kumlisha kidogo kidogo, na kesho asubuhi aje saa nne. Anauliza kama nitaweza kuwasindikiza, maana mimi ninayaelewa hayo majina marefu.

Nikasema nitakuja. Akasema ahsante, mdogo wangu, sijui ningefanyaje bila wewe.

Nimekwenda chooni nimefungua bomba ili nisisikike.

Fundi Mirija kanikuta kwenye korido. Kanishika bega akanipeleka kwenye kiti chake cha maabara. Nikamwambia yote. Yeye wa kwanza. Namba kumi na nne, Chiriku, sheria ya ukutani, karatasi, bibi. Nikangoja anitukane. Akasema: mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha maradhi ya mtu mwingine. Halafu akasema kesho si mbali, ila simu iko leo.

Nimempigia Daktari mara tano. Yuko wodini. Nimemwachia ujumbe, nimeufuta, nimemwachia mwingine.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tatu na robo Daktari kanipigia. Nilikuwa kwa Dada, nimesimama uani karibu na kamba ya nguo. Dada ndani anamvisha mtoto.

Nikasema haraka haraka, nisipate nafasi ya kuogopa. Kwamba hatua ya 1,107 haina mashahidi wawili. Kwamba wa pili kanakili kwa wa kwanza, na wa kwanza katoa kwa nguruwe wanane. Kwamba waliopima wenyewe walisema kwa binadamu haijulikani. Kwamba jeni ya pili ya namba kumi na nne, ile ya tiki moja, ndiyo yenye vipimo vya watu. Kwamba kosa ni langu, la kanuni yangu, si la Profesa. Kwamba mwanetu hajasema neno toka jana.

Akauliza polepole: namba kumi na nne ni nani kwako?

Nikasema ni mtoto wa dada yangu.

Akapumua. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Akasema tutazungumza habari hiyo siku nyingine, na Profesa wako akiwepo. Sasa mpeni maji ya sukari, mje moja kwa moja, msingoje saa nne. Atapima damu upya kabla ya kubadili chakula chochote. Huenda jeni ya pili, huenda hata hiyo siyo. Yeye pia hajui! Halafu akauliza: mama yake anajua?

Nikasema bado.

Akasema yeye atamwambia la kitabibu. La jedwali nimwambie mimi, na kabla hawajaingia chumbani kwake. Akakata.

Nilipogeuka, Chiriku yuko kwenye mlango wa uani, kiatu kimoja mkononi. Sijui alisimama hapo toka lini. Nikamwinamia nikamfunga kiatu. Hakusema kitu.

Garini sikusema. Dada alikuwa mbele na dereva, anamwelekeza njia ya mkato. Nikajipa muda mpaka taa za barabarani, taa zikapita.

Sasa tuko kwenye benchi la mapokezi. Benchi la plastiki, la tatu toka dirishani. Chiriku kalala ubavuni mwangu, maji ya sukari kanywa nusu. Dada kaenda dirishani kuandikisha. Namwona mgongo. Karatasi kaitoa mkobani, kaifuta kwa kanga, kaipitisha chini ya kioo, anamwonyesha karani kwa kidole pale penye jina refu. Karani anaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Naandika ili mikono ikae mahali. Akirudi namwambia. Akikaa tu. Nitaanza na neno "Dada", halafu sijui.

Chiriku kanivuta mkono sasa hivi.

Kaongea!

Kasema, "Mama mdogo, wale nguruwe wanane ni wa nani?"

Sauti imekwaruza, ila imetoka, na imetoka kubwa. Mzee wa benchi la mbele kageuka. Dada kaisikia toka dirishani — anakuja mbio na karatasi yake mkononi, uso umefunguka wote, anacheka, ananiuliza: "Kaongea? Kaongea! Anasemaje?"

Mlango wa Daktari umefunguliwa. Chiriku anavuta pumzi kumjibu mama yake.